Foki ndefu ya krauni mbili kwenye baiskeli isiyo na shokapu nyuma: dalili, chanzo na pa kusimama

"Fundi, nimefunga foki ya daunhili, sasa mbele panagonga." Kauli hii nimeizoea. Huletwa na machalii wa Arusha wanaoteremka Olmotonyi na Ngaramtoni, na wenzao wa Moshi wanaoshuka Kibosho, Uru na Marangu. Baiskeli ni ile ya mlimani yenye shokapu mbele tu. Foki imepatikana kwenye mitumba kwa bei ya kueleweka, ina krauni mbili (imeshikwa juu na chini ya shingo ya fremu, si chini tu), inang'aa. Na karibu kila mara mwenye baiskeli anakagua foki akitafuta kosa, wakati anayeumia ni fremu.

Sababu iko kwenye urefu. Foki ya kawaida ya ringi 26 inayozama milimita 100 ina urefu wa karibu milimita 470, ukipima kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya krauni. Ya krauni mbili inayozama milimita 200 hufika karibu 570. Kwa kila milimita 20 unazoongeza, shingo inalala nyuma kwa takriban digrii 1. Kwa hiyo fremu iliyotoka kiwandani na shingo ya digrii 70 inabaki na 65, siti nayo inalala kwa kiasi hicho hicho, na ekseli ya pedeli inapanda karibu milimita 35 hadi 40. Juu ya hayo, foki ndefu ni mtaimbo: kadiri unavyorefuka, ndivyo nguvu ndogo ya chini inavyong'oa kitu kikubwa cha juu. Foki ya krauni moja hunepa kidogo na kupunguza pigo. Ya krauni mbili hainepi hivyo, pigo linafika lote kwenye mshono wa shingo.

Foki hizi, tangu BoXxer na Fox 40, zilikusudiwa baiskeli za mashindano ya kuteremka zenye shokapu mbele na nyuma. Watengenezaji wengi wa fremu huandika urefu wa mwisho wa foki inayoruhusiwa, na wengi wanakataza krauni mbili waziwazi. Kama fremu yako imekatazwa, hakuna marekebisho hapa chini yanayoihalalisha. Nisemalo ni kwa ajili ya yule ambaye fremu yake inaruhusu, na kwa yule ambaye ameshafunga na anataka kujua kama apande kesho au asipande.

Tuelewane majina kwanza. Nguzo ni yale mabomba mawili yanayong'aa. Miguu ni sehemu ya chini ambayo nguzo huingia. Krauni ni vile vipande viwili vinavyoshika nguzo juu na chini ya shingo ya fremu. Shina ni bomba fupi linalopita ndani ya shingo, na vikombe ndivyo vinavyobeba beringi zake.

Mbele panagonga ukibana breki

Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma na kuvuta usukani. Usifungue kitu bado. Mlio wa kugonga husikika popote, lakini kidole hakidanganyi. Kiweke kati ya kikombe cha chini na krauni: ukihisi mchezo hapo, ni beringi za shingo. Kiweke kwenye sili, pale nguzo inapozama mguuni: mchezo wa hapo ni wa bushi za ndani ya foki. Pedi za breki nazo huchezacheza kidogo ndani ya kalipa, na hilo si tatizo. Mwisho achia breki, shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, kaza ekseli au kagua beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Chanzo kinachoongoza ni namna shingo ilivyokazwa. Aliyezoea foki ya krauni moja analegeza stemu (kile kipande kinachoshika usukani), anakaza kofia ya juu, anafunga stemu, basi. Kwenye krauni mbili haiendi hivyo, kwa sababu krauni ya juu imeng'ang'ania nguzo zote mbili. Ukikaza kofia huku bolti za nguzo zimefungwa, krauni haishuki hata unywele. Kofia inakuwa ngumu mkononi, unadhani umemaliza, na mchezo uko palepale. Fanya hivi:

1. Hakikisha bolti za krauni ya chini zimekazwa kwa kipimo chake.
2. Legeza bolti zote za krauni ya juu, za nguzo na za shina.
3. Kaza kofia pole pole mpaka mchezo uishe, huku usukani ukiendelea kugeuka bila kukwama.
4. Kaza shina kwanza, kisha bolti za nguzo kwa kupokezana, kidogo huku, kidogo kule.

Kipimo cha kukaza kimechapwa kwenye krauni yenyewe au kwenye kitabu cha foki, kwa Nm (newton-mita), na mara nyingi ni namba iliyo chini ya 10. Mkono uliozoea nati za pikipiki unapasua krauni. Kama huna spana yenye kipimo, tafuta fundi aliye nayo. Hapa kukisia kuna gharama.

Chanzo cha pili ni pete isiyolingana. Shina la foki nyingi za krauni mbili limenyooka, kipenyo cha milimita 28.6 juu hadi chini. Fremu nyingi za miaka ya karibuni zina shingo iliyopanuka chini. Inatakiwa pete ya kupunguza iliyotengenezwa kwa vipimo hivyo. Nimekuta watu wamejaza kipande cha kopo la soda. Kinashika siku mbili, kisha kinasagika na gololi zinasagika nacho.

Cha tatu ndicho kibaya: kikombe cha chini kimetanua shingo. Ukikitoa, kinatoka kwa mkono bila kugongwa, na tundu la shingo si mduara tena, limekuwa yai. Simama hapa. Gundi haitengenezi hilo, wala kikombe kipya. Fremu hiyo imekwisha.

Mchezo ukiwa kwenye bushi, foki inahitaji fundi mwenye vifaa vya kutoa na kuingiza bushi za saizi hiyo. Usiruhusu zigongwe na bomba la maji.

Shingo inalia "krak" ukipanda au ukitua

Kwanza vitu vyepesi. Vumbi la Arusha ni jepesi kama unga, linaingia kila mahali, na beringi kavu hulia. Toa foki, safisha vikombe, paka grisi, rudisha kwa utaratibu ule wa juu. Kagua bolti za stemu inayofungwa juu ya krauni, nazo hulia zikilegea. Badilisha siti na pedeli kwa muda kama unazo nyingine, maana mlio husafiri kwenye mabomba na kukudanganya.

Mlio ukibaki, osha fremu kwa sabuni, ikauke, uichukue juani. Tazama maeneo matatu. La kwanza ni upande wa chini wa mshono, pale bomba la chini la fremu linaposhikana na shingo. Shingo iliyolala sana ikitua, gurudumu husukumwa mbele, na mshono huo huvutwa. Ufa mwingi unaanzia hapo. La pili ni bomba lenyewe, sentimita chache nyuma ya mshono: pitisha kidole upande wa chini na pembeni ukitafuta mkunjo, kama kopo lililobonyezwa. Huo huja ukigonga jiwe au ukingo wa mfereji kwa mbele. La tatu ni chini ya bomba la juu, jirani na shingo.

Pitisha kitambaa cha pamba polepole, nyuzi zitanaswa penye ufa. Ukiona mstari kwenye rangi na huna hakika, kwangua rangi hapo kwa msasa laini. Mstari ukipotea ilikuwa rangi tu. Ukibaki kwenye chuma kitupu, ni ufa.

Simama hapa, na usimame kweli. Usiseme utaimalizia wikiendi hii. Na usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea mageti. Aluminiamu ya fremu nyingi, ile ya 6061, hupata nguvu yake kwa kupikwa kwenye joto maalumu kiwandani baada ya kuchomelewa. Ukiichomelea mtaani, mshono unaweza kuonekana mnene na mzuri, lakini chuma kilicho pembeni yake kimelainika. Niliwahi kumwonya chalii mmoja wa Ngaramtoni, akaona ninamkatisha tamaa, akaichomelea kwingine. Ilidumu wiki tatu. Shingo ilikatika pembeni ya mshono mpya, si juu yake, akavunjika mtulinga. Tangu siku hiyo nikikuta ufa siifungi tena baiskeli, naikabidhi ikiwa vipande. Fremu ya chuma cha kromoli inaweza kutengenezwa na mtu anayejua kweli kazi ya fremu. Ya aluminiamu, hapana.

Mlio mkali mmoja, gurudumu linakwama unapotua

Dalili hii hutokea mara chache, na ndiyo inayonitisha kuliko zote. Hutokana na ujanja ambao unaonekana wa akili: mtu anaona mbele pamepanda mno, analegeza krauni, anazisukuma nguzo juu ili foki ifupike. Nguzo zinatokeza juu ya krauni kwa sentimita nne, tano, sita. Mbele panashuka kweli. Lakini safari ya foki haijapungua, bado inazama milimita 200 zilezile, na sasa krauni ya chini imesogea karibu na tairi. Siku ikizama yote, tairi linagonga krauni, gurudumu linasimama ghafla, nawe unaendelea na safari peke yako.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Toa hewa yote kwenye foki, au toa springi kama ni ya koili. Tairi unalotumia liwe limejazwa upepo. Kandamiza usukani mpaka foki ifike mwisho kabisa, mwenzako apime nafasi kati ya tairi na krauni ya chini. Mimi sikubali chini ya milimita 10, maana udongo mwekundu wa Moshi wakati wa masika unanata kwenye tairi na kula nafasi yote. Foki nyingi zina alama kwenye nguzo zinazoonyesha mwisho wa kupandisha na mwisho wa kushusha. Alama hizo si za mapambo. Ukibadilisha tairi kuwa nene zaidi, pima upya.

Ukiona tayari kuna msuguo mweusi wa raba chini ya krauni, usipande. Shusha nguzo ndani ya alama kwanza. Ikiwa shingo ya fremu ni fupi au ndefu mno kiasi kwamba nguzo haziwezi kukaa ndani ya alama, foki hiyo haiifai fremu hiyo, na spesa za kuongeza haziokoi.

Nguzo zinagusa fremu ukikata kona

Krauni moja hugeuka inavyotaka. Krauni mbili ina nguzo zinazopita pembeni ya shingo, kwa hiyo kugeuka kuna mwisho. Hilo ni umbile lake. Swali ni nini kinagusa nini.

Mara nyingi raba za kukinga zimeteleza au hazikuja na foki, kama ilivyo kawaida ya mitumba. Zisogeze mpaka raba iguse sehemu nene ya bomba kabla ya kitu kingine chochote. Ikishindikana, angalia kama krauni ya chini, au visu vya marekebisho (vile vidude vya kuzungusha kwa mkono) vilivyo juu ya nguzo, ndivyo vinavyofika kwanza. Nguzo tupu ikigonga bomba jembamba la aluminiamu, siku ya kuanguka inabonyeza bomba na kujikwaruza yenyewe kwa mpigo mmoja. Bomba lililobonyea jirani na shingo lihesabu kama lenye ufa.

Kama usukani haugeuki vya kutosha kuzunguka kwenye njia nyembamba za migombani, usikate wala kupiga msasa krauni. Fremu imekataa.

Mbele panaelea mlimani, na usukani unaanguka upande

Ukipanda kutoka Sakina au kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, gurudumu la mbele linatangatanga, na ukienda polepole usukani unajiangusha kushoto au kulia. Hakuna kilichoharibika, ni zile digrii tano. Siti imelala nyuma, uzito wako umehamia gurudumu la nyuma, mbele pamebaki pepesi. Sogeza siti mbele kwenye reli zake, inamisha pua yake kidogo, tumia stemu fupi na usukani usioinuka.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo ambao watu hawautarajii. Kwenye baiskeli yenye shokapu mbili, mbele na nyuma huzama pamoja. Yako inazama mbele tu. Ukibana breki kwenye mteremko na foki ikazama milimita 100, zile digrii tano zinarudi zote kwa mara moja, shingo inasimama, na uzito wako unarushwa juu ya usukani. Ndiyo maana baiskeli inayojisikia imara kwenye changarawe iliyonyooka inakutupa kwenye ngazi ya mawe. Foki isiwe laini mno. Kwa nyuma ngumu napendelea izame asilimia 20 hadi 25 ya safari yake ukikaa juu yake, yaani milimita 40 hadi 50 kwa foki ya 200, badala ya asilimia 30 wanayoshauriwa wenye shokapu mbili.

Foki ni ngumu, au inazama na hairudi

Anza na pampu. Foki ya hewa hujazwa kwa pampu ndogo ya shokapu yenye geji. Kompresa ya gereji inayojaza matairi ya daladala hujaza kwa sekunde moja kiasi usichoweza kukidhibiti. Namba ya mwisho ya presha imeandikwa kwenye mguu au kwenye kitabu, usiivuke. Kama ni ya koili, springi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji, na foki ya mitumba imekuja na springi ya uzito wa mtu mwingine.

Kisha kisu cha kurudi, kile kinachopunguza kasi ya foki kurudi juu, mara nyingi chekundu, chini ya mguu mmoja. Kikifungwa sana, foki inazama kwenye jiwe la kwanza na kabla haijarudi inapigwa na la pili, na la tatu. Kifungue mbofyo mmoja mmoja mpaka ikimbizane na njia bila kurusha mikono yako.

Halafu kuna hewa iliyonaswa miguuni. Foki iliyofungwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikifika Arusha kwenye karibu mita 1,400, hewa ya nje ni nyepesi na ile iliyofungiwa miguuni inasukuma. Foki inakuwa kavu mwanzoni mwa kuzama. Baadhi zina vitufe vidogo nyuma ya miguu: vibonyeze usikie pumzi ikitoka. Zisizo navyo, usichokonoe sili kwa bisibisi, fundi atatumia kipande chembamba cha plastiki.

Foki ikipoteza hewa usiku mmoja, au ikizama bila kizuizi huku kisu cha kurudi hakifanyi lolote, sili za ndani au katriji imekufa. Simama hapa. Ndani mna presha na springi iliyobanwa. Kofia ikifunguliwa vibaya huruka, na uso wako uko juu yake.

Oili kwenye nguzo

Pete nyembamba ya oili baada ya kupanda ni kawaida. Tone linaloshuka hadi kwenye kalipa si kawaida, litaua pedi za breki. Futa nguzo, pitisha ukucha kote. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya itachanika kwa mkwaruzo huohuo, na nguzo ndiyo ya kubadilishwa. Ukipita laini, ni sili tu.

Pima kipenyo cha nguzo kabla ya kununua: 32, 35, 38 na 40 zote zipo, na BoXxer pekee imepita kwenye kadhaa kati ya hizo kwa miaka tofauti. Dukani ukitaja jina hilo utapewa sili ya pikipiki ya Boxer, nayo si yake. Oili ya breki inaharibu sili, usiiweke kabisa.

Gurudumu limekaa upande, diski inasugua

Pima nguzo zinatokeza juu ya krauni kwa kiasi gani, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita mbili inatosha kulaza gurudumu. Zikilingana, legeza ekseli na vibano vyake, kandamiza foki mara kadhaa miguu ijipange, kisha kaza tena. Bado imepinda? Legeza bolti za krauni ya chini upande mmoja mmoja, panga, kaza kwa kipimo.

Diski nayo ina hesabu yake. Foki hizi nyingi zinataka diski ya milimita 200 au 203. Ile ya 160 iliyotoka na baiskeli yako haifikiwi na kalipa, na hakuna adapta ya kushuka.

Halafu habu. Gurudumu la baiskeli nyingi za hapa lina ekseli ya milimita 9 na upana wa 100. Foki hizi zinataka ekseli ya milimita 20 na upana wa 110. Nimeletewa bushi zilizochongwa kwenye leizi ili gurudumu la zamani likae ndani, safi, zimesuguliwa vizuri, aliyezichonga ni fundi hodari. Nilizitoa na kumrudishia mwenyewe mkononi. Ekseli ya milimita 9 ndiyo ingekuwa imebeba mteremko wote wa kutoka Lango la Marangu hadi mjini, zaidi ya mita 900 za kushuka, na breki ya diski kubwa ikiisokota upande mmoja. Nunua gurudumu lenye habu yake, au foki ibaki ukutani.